Nilivyomjibia Baba

Ishiara,
20 Februari 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Munyi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba upepo wa Marsabit haujakurudishia kile kikohozi cha mwaka jana. Watoto wa darasa lako wanaendeleaje? Ulisema mlikuwa walimu wawili kwa madarasa manne, sijui kama mwalimu wa tatu ameletwa. Sisi huku tunasukuma siku. Mama ni mzima, isipokuwa mgongo, kwa sababu ya kupura ndengu. Baba yupo, anakula, anatembea mpaka kwenye zizi la mbuzi na kurudi. Nimeanza kwa kukwambia hivyo ili usome yaliyobaki bila kushtuka.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali tulizungumza kwa simu Jumapili. Unanijua nilivyo. Pale Kaaga nilimaliza miaka minne bila kuinua mkono darasani, na mwalimu wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti kwamba angefurahi kuisikia sauti yangu kabla sijaondoka. Wewe unapopiga simu unakuwa umepanda kile kilima chenu kutafuta mtandao, upepo unavuma, unauliza haraka, nami najibu neno moja. Umeniuliza mara tatu kama tarehe tatu Machi iko palepale, siku ambayo Baba anatakiwa Nairobi kuwekewa mashine mpya ya moyo. Mara zote tatu nilisema iko palepale. Haiko, kaka. Naomba usome mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Mashine ilianza kulia siku chache baada ya Krismasi. Kila asubuhi saa tatu ilitoa mlio mwembamba, kama wa simu inayotaka chaji. Siku ya kwanza Mama alikung'uta blanketi, akatazama chini ya kitanda, akaingia hata ghalani. Baba alisimama katikati ya nyumba akimtazama, kisha akamwambia, "Mama Munyi, acha kutafuta. Ninayelia ni mimi." Tulicheka siku hiyo. Siku ya tatu hatukucheka tena, kwa sababu tulikumbuka mlivyoambiwa Nairobi miaka mitano iliyopita kwamba ikianza kulia betri inakaribia kuisha.

Ndipo ukatuagiza tumpeleke kliniki ya moyo kule Embu. Mama alibaki na mbuzi na ndengu, nami nikaambiwa niende kwa kuwa ndimi niliyetoka shule juzi, na Kiingereza cha madaktari nitakielewa. Mama aliniagiza nirudi na tarehe. Wewe ulinipigia ukaniambia vivyo hivyo, nihakikishe tu Baba anapata tarehe, na kwamba mengine utayamaliza mwenyewe. Nilikwenda nikiwa na kazi moja tu kichwani.

Daktari tuliyemkuta anaitwa Oscar. Ni kijana, anatoka upande wa Kisii, anaongea Kiswahili akichanganya na Kiingereza. Kiswahili cha Baba unakijua, ni cha kuuza mbuzi. Alipoona maneno yanaenda mbio, alinigeukia akasema kwa Kimbeere nimsikilizie nimwambie. Basi daktari naye akanigeukia mimi. Tangu hapo alizungumza akinitazama mimi, na Baba akakaa na kofia yake magotini kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Daktari alizungumza kwa muda mrefu, na kila neno nalikumbuka. Alisema mashine haiponyi moyo. Inakaa ikingoja, na moyo ukianza kwenda mbio ile mbaya inayoua, inaupiga stima, yaani umeme, ili urudi. Alisema moyo wa Baba umedhoofika kuliko ulivyokuwa ilipowekwa, na kwamba dawa ndizo zinazomsaidia kupumua na kutembea, si mashine. Kisha akasema kuna njia zaidi ya moja. Baba anaweza kuwekewa mpya, ambayo itaendelea kumkinga na kifo cha ghafla, na itaendelea pia kumpiga. Au anaweza kuiacha hii iishe, abaki na dawa, akijua kwamba moyo ukigeuka siku moja hakuna kitu cha kuurudisha. Na kama mapigo yanamchosha, stima yenyewe inaweza kuzimwa hata leo, bila kisu. Alisema yeye hawezi kumchagulia. Alitaka kujua kutoka kwa Baba ni nini anachokiogopa zaidi, na anataka siku zake ziwe za namna gani. Akaningoja.

Kaka, ningeyasema vipi hayo? Unajua hapa kwetu mtoto hamtajii mzazi kifo chake usoni, ni kama kumwitia. Na kwangu mimi ni zaidi, kwa sababu ya hili jina. Tangu nipewe jina la nyanya Rwamba, mama yake mzazi, Baba ananiita mama. Ananiomba ruhusa ya kwenda sokoni, ananiuliza kama amevaa vizuri, nikimkataza sukari anaiacha na kusema mama yake amekataa. Nilimtazama, naye alikuwa akinitazama vile vile anavyonitazama akiniomba ruhusa. Sikuweza kumwambia mtu huyo kwamba anaulizwa anataka kufa vipi.

Nilimwambia kwa Kimbeere kwamba daktari amesema betri imeisha na ni lazima iwekwe nyingine, na anauliza kama yuko tayari.

 Baba akasema nimwambie daktari kwamba amechoka na kitu hiki. Alisema kinampiga kama teke la ng'ombe, na kwamba akishapigwa huwa anaogopa hata kuinama kufunga kamba ya kiatu. Kama kungekuwa na namna ya kukizima angeshukuru. "Lakini kama ni lazima, ni lazima," akasema. Akatabasamu akamwambia nesi kwa Kiswahili kwamba mama akisema, mtoto hakatai. Nesi alicheka.

Mimi nilimwambia daktari kwamba Baba amekubali. Aliandika tarehe. Nikakupigia tukiwa bado getini, ukafurahi, ukasema kumbe naweza kazi.

Nilifikiri yamekwisha. Nilikuwa nimewafurahisha wote, na Baba mwenyewe hakukataa. Lakini Januari ile mashine ilimpiga mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kanisani, wakati wa sadaka. Alikuwa amefika mbele, akaruka, akapiga ukelele, akapiga magoti mbele ya kikapu. Wamama wa maombi wakaanza kuimba kwa nguvu wakisema Roho amemshukia. Nyamu mzee wa kanisa ndiye aliyemwinua. Tulipofika nyumbani Baba aliuliza ni Roho gani anayepiga watu mateke, Mama akamwambia asikufuru, na sote tukacheka. Lakini Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala ile nyingine. Alisema atasali hapa hapa na mbuzi.

Ya pili ilikuwa mwisho wa Januari, tukifunga mbuzi. Alikuwa amenishika mkono ili asiteleze. Nilihisi kitu kikinigonga mpaka kwenye kiwiko, si kwa nguvu, kama mtu amenichapa kwa kijiti. Nilipogeuka Baba alikuwa chini, macho wazi, mkono wake bado umenishika. Kama hilo lililonifikia mimi lilikuwa ni mabaki tu, sijui lile lililompata yeye lilikuwaje. Alipopata pumzi, jambo la kwanza alilosema lilikuwa kuniomba msamaha. "Nisamehe, mama, nimekutisha," alisema. Akaendelea kusema nisimwambie Mama, kwamba atavumilia hii na ile nyingine ijayo, kwa kuwa daktari amesema ni lazima.

Nilikaa naye pale kwenye samadi ya mbuzi nikamwambia kila kitu. Sikupanga. Nilimwambia daktari hakusema lazima. Nilimwambia zile njia zote, na neno kifo nililitaja, nikiangalia chini. Nilimwambia pia kwamba jibu lake nililibadilisha.

Nilingoja anigombeze. Aliuliza tu, polepole, "Aliniuliza? Mimi?"

Nikasema, "Ndiyo, alikuuliza wewe."

Akatingisha kichwa. Alisema miaka mitano iliyopita alilala akaamka na hicho kitu kifuani, na kila mtu alimpongeza, naye akashukuru kwa sababu ni wewe uliyehangaika. Hata sasa anaiita mashine ya Munyi. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kuulizwa. Kaka, sisemi hivi kukulaumu. Siku ile wewe ulisaini fomu akiwa hajitambui, na kama hungesaini nisingekuwa na baba wa kumdanganya.

Mama alipopata habari alikasirika, si na mimi bali na daktari. Alisema daktari anayemuuliza mgonjwa la kufanya ni daktari wa namna gani, kwamba yeye akipeleka mbuzi kwa veti, veti hamuulizi mbuzi. Baba alimjibu kwamba ndiyo maana mbuzi hana raha na veti. Mama hakucheka. Aliamini kwamba daktari akianza kukuuliza, amekata tamaa na wewe, ila anaona haya kusema. Nadhani hata mimi siku ile kliniki niliamini hivyo kidogo, ndiyo maana niliharakisha kusema amekubali, kabla daktari hajabadili nia.

Tulirudi Embu tarehe nne Februari. Njia nzima nilijifunza sentensi ya kumwambia daktari, na nilipofika niliisema yote bila kuinua macho. Hakunifokea. Alisema na yeye alikosea, kwa kuwa alizungumza na mimi badala ya mgonjwa wake, akaridhika na neno moja. Alivuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya Baba, akachora moyo nyuma ya karatasi ya vipimo, akaeleza upya kwa Kiswahili chepesi, kidogo kidogo. Palipokuwa pagumu niliruhusiwa kusaidia, lakini kila mara alimwomba Baba amrudishie alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe.

Natamani ungemsikia. Baba alisema hiki kitu ni askari aliyeajiriwa kulinda duka. Mwizi anaweza kuja au asije, na akija askari anapigana kweli. Lakini usingizi wa betri ukimshika askari, duka linabaki wazi, na mwenye duka lazima ajue hivyo. Kisha akaongeza kwamba shida yake ni askari huyu anamchapa mwenye duka. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hajasikia mtu akieleza vizuri hivyo, ila kwamba askari hana namna ya kumfikia mwizi bila kumgonga mwenye duka.

Ndipo Baba akauliza alichotaka kuuliza. Aliuliza, ikizimwa, je, ataanguka siku moja tu shambani kama baba yake alivyoanguka. Daktari alimwambia inawezekana, na inawezekana pia isiwe hivyo, moyo ukazidi kuchoka taratibu mpaka pumzi iwe shida, na hilo mashine haiwezi kulizuia hata ikiwa mpya. Baba alisema basi anachokiogopa si kuanguka. Anaogopa kuogopa kila siku. Anataka kwenda kanisani akae kiti cha mbele.

Daktari hakuzima chochote siku hiyo. Alitwambia turudi nyumbani tukazungumze sote, naye akatupa wiki moja. Alisema pia jambo ambalo nataka ulishike sana: stima ikizimwa inaweza kuwashwa tena, maadamu betri haijaisha, na betri hii itafika mwanzoni mwa Aprili. Hata mpya bado inaweza kuwekwa, Baba akibadili mawazo.

Wiki ile Mama alilia siku mbili, akashona vifungo vya shati la Baba ambavyo havikuwa vimekatika. Siku ya tatu alisema kama ni hivyo atakwenda naye, hataki kusikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Baba akabaki na jambo moja. Alisema hawezi kumwambia daktari neno la mwisho kabla ya kujua moyo wako, kwa sababu mashine ni yako, na asingependa uone kwamba amekutupia jasho lako. Aliniambia nikupigie nikueleze yote, nimletee jibu.

Unakumbuka nilikupigia Ijumaa, tarehe saba. Ulikuwa na furaha. Ulisema mwalimu mkuu amekupa ruhusa ya siku tano, na kwamba utashuka tarehe mbili ili umpeleke Baba Nairobi wewe mwenyewe. Uliniuliza kuna habari gani. Nikasema hakuna. Nikakuuliza kama mvua imenyesha huko.

Niliporudi ndani Baba alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati lile la vifungo vipya. Akauliza, "Munyi amesemaje?"

Hili ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Nilimwambia umesema ni sawa. Nilimwambia umesema yeye ndiye mwenye mwili, afanye anavyoona, na kwamba hukukasirika hata kidogo. Kaka, nilikutungia maneno mazuri kweli. Alifunga macho akashukuru Mungu kwa sababu yako. Alisema hakujua umekuwa mtu mzima kiasi hicho.

Tarehe kumi na moja walikwenda, na mimi nikiwa nyuma yao. Daktari aliweka juu ya kifua cha Baba kitu mfano wa kipanya cha kompyuta chenye waya, akamuuliza mara ya mwisho kama ndivyo anavyotaka. Baba alijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake. Alisema ndiyo, na kwamba kijana wake amemruhusu. Mama alikuwa amemshika mkono. Haikuchukua dakika tano. Jumapili alikaa kiti cha mbele, na sadaka ilipoletwa watu waliokuwa karibu naye walisogea kidogo, naye akawapungia mkono.

Tangu siku hiyo nimechoka kuliko nilivyochoka wakati wa mitihani. Kila anaposema kijana wake amemruhusu, na analisema mara nyingi, mpaka kwa majirani, mimi hutoka nje. Nilidhani nimejifunza pale kwenye zizi. Kumbe nilijifunza kwa daktari tu, kwako sikujifunza. Sikutaka kukuvunja moyo ukiwa juu ya kile kilima na ruhusa yako mkononi, na sikutaka kumvunja yeye, na kati ya ninyi wawili nikafanya tena lilelile.

Leo asubuhi nilimwambia. Alikuwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini, na safari hii hakuniita mama. Aliniita Rwamba. Alisema amewatangazia watu ruhusa ambayo hakupewa. Nililia, akaniacha nilie. Baadaye aliniambia nikuandikie mwenyewe, nisiache hata neno lake wala langu. Alisema hajabadili alichochagua, na hataki kuwashiwa. Lakini anataka kulisikia neno lako kutoka kinywani mwako, hata kama ni hasira, na ukae naye mbele ya daktari uulize yote unayotaka kuuliza. "Mwambie aje kabla betri haijaisha," alisema. "Nitamsikiliza. Sisemi nitamtii, nasema nitamsikiliza."

Kwa hiyo nakuomba usiirudishe ile ruhusa. Shuka tarehe mbili kama ulivyopanga. Daktari Oscar yuko kliniki kila Jumanne, na tarehe nne Machi ni Jumanne. Mimi sitaingia ndani. Nitakaa kwenye benchi nje pamoja na Mama. Mkiwa mnaongea ninyi wenyewe hamtanihitaji, na ukitaka kunigombeza, nitakuwa pale pale.

Barua hii nampa Bundi, yule anayepeleka ndizi za Nkubu mpaka Marsabit. Kesho atapita sokoni kununua ndengu, na ameahidi kuifikisha mkononi mwako. Ukiisoma usinipigie, mpigie Baba. Simu yake ina chaji, nimeiangalia.

Mama anakusalimu, anasema uje na sweta kwa sababu lile la zamani amempa mtu. Nyamu na wazee wa kanisa wanakusalimu pia. Baba anasema anakungoja. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dadako,

Rwamba Ndwiga